Mlango Uliochongwa Ukae Wazi

Mgeni wa mgahawa na mwenye nyumba hawautazami mlango kwa jicho moja. Mwenye nyumba hurudi usiku akaukuta umefungwa, akapapasa ufunguo. Mgeni huja wakati wa chakula, na wakati huo mlango huwa umefunguliwa: pande zake zimeegemezwa ukutani huko ndani, na mbele yake umebaki uwazi uliozungushiwa fremu. Hapo ndipo milango mingi ya migahawa inapopotea. Mwenye biashara amenunua ubao mzuri, kioo kizuri, kitasa kinachong'aa, na vyote hivyo huenda kujificha mara tu biashara inapoanza.

Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walilipanga jambo hili vizuri zaidi. Tazama mlango wa nakshi katika vichochoro vya Hurumzi, Kiponda au Shangani. Zile pande mbili zinazofunguka mara nyingi ni mbao nene, na pambo lake kubwa ni safu za misumari ya shaba. Nakshi yenyewe, ile iliyomla fundi siku na siku, iko kwenye miimo miwili ya pembeni, kwenye kizingiti cha juu, na kwenye mfaa, ule mti mwembamba unaosimama katikati pande mbili zinapokutana. Fungua mlango kabisa: mfaa huondoka na upande wake, lakini vingine vyote hubaki pale pale vikimtazama mpita njia. Ni mlango ambao haupungui ukiwa wazi. Kwa hiyo nasema, ingawa ulichongwa kwa ajili ya nyumba za kuishi, sijaona mlango unaoufaa mgahawa kuliko huu.

Walioiagiza milango hii hawakuwa na nia ya kuuza chakula. Seyyid Said alipohamishia makao yake Zanzibar kutoka Maskati, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, karafuu na pembe za ndovu zilileta utajiri mkubwa kisiwani, na nyumba za mawe ya matumbawe zikabanana mjini. Kwa nje kuta za nyumba hizo ni chokaa tupu na madirisha. Kazi ya kutambulisha mwenye nyumba iliachiwa mlango. Fremu ndiyo iliyosimamishwa kwanza, kisha ukuta ukajengwa kuizunguka, mawe na chokaa vikaishika pande zote. Fremu iliyowekwa namna hiyo haitoki bila kubomoa, na ndiyo sababu nyumba nyingi zimebadilisha wenyewe, mapaa, sakafu na hata kazi, mlango ukabaki mahali pake.

Kazi ya leo, kwa nyumba nyingi, ni hoteli na migahawa. Huko Hurumzi, nyumba inayohusishwa na Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Zanzibar ya karne ya 19, sasa ni hoteli ya Emerson on Hurumzi, na wageni hupanda ngazi hadi juu ya paa kula huku mji umelala chini yao. Mkunazini, Zanzibar Coffee House inauza kahawa katika nyumba ya kale. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia, na sehemu kubwa ya wanaokuja kuutazama huanza mlo wao kwa kuvuka kizingiti kilichochongwa kwa ajili ya familia ya mtu.

Anayeipenda milango hii hujifunza upesi kuitofautisha. Ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka ndiyo ya mtindo wa zamani zaidi, na watu huihusisha na Waarabu. Kwenye kizingiti hicho huenda ukakuta aya ya Kurani, jina la mwenye nyumba, au mwaka wa Hijria. Kuelekea mwisho wa karne, baada ya utawala wa Barghash bin Said, aliyewahi kuishi uhamishoni Bombay na kutawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, mkono wa Kihindi ukaonekana zaidi: juu ya mlango likapanda tao la nusu duara, na majani na maua yakaanza kupindana kwa wingi. Iko pia milango ya Kigujarati, ambayo pande zake zimegawanywa katika miraba midogo midogo, kila mraba na msumari wake wa shaba. Mingi ya jamii hii hukunjwa vipande vipande, ikafungua upana wote wa duka. Ukienda kaskazini, kwenye visiwa vya Lamu, hasa Siyu katika kisiwa cha Pate, utakuta jadi nyingine: maumbo ya kijiometri yaliyokatwa kwa kina kidogo, yakatiwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kila aina ina mgahawa wake. Kizingiti kilichonyooka kinafaa mahali pa kula kwa utulivu. Mlango wa Kigujarati unafaa nyumba ya kahawa, ambako meza za ndani na gumzo la njiani ni kitu kimoja.

Simama sasa mbele ya mwimo mmoja, karibu kiasi cha kuugusa, na uusome kutoka nje kwenda ndani. Ukingoni kabisa, unakopakana na chokaa, unapanda mnyororo uliochongwa, pingili moja ikishika nyingine. Unaofuata ni ukanda mpana. Chini yake kuna mawimbi, au chombo, au samaki mwenye magamba, na hapo linachomoka shina linalopanda likitoa majani huku na huku, kila baada ya nafasi likafungua ua. Kisha unakuja ukanda mwembamba wa shanga au wa kamba iliyosokotwa, na fremu inaishia kwenye uwazi. Kanda hizi hazikulala usawa mmoja. Kila moja imeshuka kidogo kuliko iliyotangulia, hivi kwamba fremu inaingia ndani kwa vidaraja, na jicho la mgeni linavutwa kuelekea kule anakokwenda kabla hajainua mguu.

Wanaowaongoza watalii hueleza kwamba mnyororo ni ulinzi, samaki ni riziki na uzazi, mtende ni neema. Maelezo hayo yana utamu wake. Mimi hukitazama zaidi kina cha mkato. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, na Zanzibar iko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwanga wa mchana hushuka kutoka juu, ukiteleza sambamba na ukuta. Nakshi yenye kina hupata kivuli chini ya kila jani na kila petali, na kivuli hicho ndicho kinacholichora ua mbele ya macho. Mwanga ukitoka mbele, ua lile lile hubapa. Wenye migahawa wangefaidika kulijua hili, kwa kuwa biashara yao kubwa ni ya usiku. Taa iliyofungwa juu ya kizingiti, karibu na ukuta, huifanyia nakshi kazi ile ile ya jua la saa sita. Taa kali iliyosimamishwa upande wa pili wa njia ikaumulika mlango usoni huifuta kazi yote ya fundi.

Kazi hiyo huanzia kwenye mti wenyewe. Zanzibar milango imechongwa kwa msaji ulioletwa kwa vyombo kutoka Bara Hindi, kwa mvule wa bara, na kwa mfenesi. Lamu mafundi wanausifu mbambakofi. Yote ni miti migumu, inayostahimili mvua, chumvi ya bahari na mchwa. Fundi hupima, hupiga randa, kisha huchora kwa penseli na bikari. Halafu hushika patasi akakata wima kufuata mstari wa mchoro, ili ua litengane na kinacholizunguka. Baada ya hapo hushusha sakafu ya nakshi, yaani huondoa mbao zote zisizo ua wala jani, mpaka maumbo yasimame peke yake. Mwisho ndipo hurudi juu ya kila jani na bobari, ile patasi yenye makali ya mviringo, akalipa mgongo, bonde na mshipa.

Nyuzi za mbao zina tabia ya manyoya ya paka: ukizipapasa upande wake zinalala, ukizirudisha nyuma zinasimama. Jani lililopinda lina pande mbili, na kwa kila upande nyuzi zinataka patasi ije kutoka njia nyingine. Kwa hiyo fundi akichonga jani moja hubadilisha mkono, au huzunguka ubao, kila mpindo unapogeuka. Asipofanya hivyo mbao inachanika, na mchaniko katika msaji hauzibiki. Ukiona jani ambalo ukingo wake ni laini mwanzo hadi mwisho, jua kwamba patasi ilisimamishwa na kugeuzwa mara nyingi mahali ambapo wewe unaona mstari mmoja tu.

Ipo sehemu ninayoitafuta kwanza kwenye kila mlango: kona ya juu, ambako mwimo unakutana na kizingiti. Mnyororo uliopanda kutoka chini lazima uvuke hapo na kuendelea kwa ulalo. Fundi mzembe huuacha mnyororo ufike kokote unakofika, kisha huziba kona kwa nusu ya pingili au kwa ua la kubabaisha. Fundi hodari hugawa urefu wote kabla ya kugusa patasi, akaongeza unywele katika pingili hii na kupunguza katika ile, mpaka pingili nzima iangukie kwenye kona yenyewe na kugeuka nayo. Kwenye kizingiti hufanya hesabu kutoka katikati kwenda pembeni, ili kushoto na kulia zilingane. Hakuna mgeni atakayezihesabu pingili hizo. Lakini jicho la mwanadamu hukamata upesi mahali mfuatano ulipovunjika, na likikosa pa kukwama hutulia. Utulivu huo wa mtu anayengoja kuingia kula, ambao yeye mwenyewe hajui umetoka wapi, ulitengenezwa kwa hesabu ya kona.

Misumari ya shaba nayo ina habari yake. Husimuliwa kwamba huko India vichwa vyenye ncha viliwekwa milangoni kuwazuia ndovu wa vita wasiibomoe. Zanzibar haikuwa na ndovu wa vita. Misumari ilibaki kwa fahari na pia kwa kazi, kwani mbao za wima za mlango zinahitaji kushikwa na mataruma ya nyuma, na msumari wenye kichwa kikubwa hulifanya hilo vizuri. Shaba inataka kusuguliwa. Kwenye mgahawa, misumari inayong'aa usawa wa mkono na kufifia juu ni ushahidi kwamba watu wanaingia na kutoka.

Mlango huu pia una namna yake ya kwenda. Upande mmoja mmoja haukufungwa kwa bawaba. Una ncha mbili zilizotokeza, moja juu na moja chini, zinazokaa kwenye matundu yaliyotobolewa ndani ya vizingiti, na uzito wote wa mbao unakalia ile ncha ya chini. Ndiyo maana mlango mzito kiasi kile husukumwa kwa kiganja. Mfaa umepigiliwa kwenye upande mmoja tu, ukatokeza kwa nje na kuufunika ukingo wa upande wa pili. Kwa sababu pande zote hufungukia ndani, ule usio na mfaa ndio unaotangulia kufunguliwa, na wenye mfaa ndio unaotangulia kufungwa. Mwenye nyumba alifungua upande mmoja kwa ajili ya watu wa kila siku, na wa pili kwa ajili ya harusi, jeneza au mizigo. Mgahawa hufungua zote mbili jioni nzima. Kwa lugha ya mlango wenyewe, kila mteja anapokewa kwa heshima ya siku ya shughuli.

Kisha kuna kizingiti cha chini, gogo lililonyanyuka kutoka ardhini. Kilizuia maji ya masika na takataka za njiani, na kinamlazimu anayeingia kupunguza mwendo, atazame chini na kuinua mguu. Mgahawa unahitaji sana pumzi hiyo moja kati ya zogo la soko la Darajani na meza ya chakula. Hata hivyo mgeni wa kiti cha magurudumu hawezi kukivuka kizingiti hicho, na mgahawa unaomjali huweka daraja dogo la mbao lenye mteremko, linalokaa juu ya kizingiti na kuondolewa bila kukiumiza. Pembeni mwa mlango ziko baraza za mawe. Hapo zamani mwenye nyumba alizungumza na watu ambao hakuwa na haja ya kuwaingiza ndani. Leo wanakaa wanaosubiri meza, na kusubiri kwenye baraza si adhabu. Nyumba za Lamu ziliongeza daka, ukumbi mdogo wa kuingilia, na njia ya kutoka hapo kwenda uani ikapindishwa ili macho ya njiani yasifike kwa wenyeji. Mgahawa unaoacha mpindo huo kama ulivyo humpa mlaji faragha mlango ukiwa wazi kabisa, bila pazia wala kioo cha giza.

Uzuri wa mpango huu huonekana zaidi ukiuweka karibu na mlango mwingine maarufu wa mgahawa. Mwaka 1888 Theophilus Van Kannel wa Philadelphia, Marekani, alipata hataza ya mlango wa kuzunguka, na mwaka 1899 mlango wa namna hiyo, wa mbao, ukawekwa kwenye mgahawa wa Rector's huko Broadway, New York, ukiwa unatajwa kuwa wa kwanza kufungwa popote. Ni kazi ya akili nyingi. Mbawa zake huzunguka nguzo moja ndani ya duara, na wakati wowote kuna ubawa unaoziba njia ya hewa, kwa hiyo watu hupita na upepo wa barafu hubaki nje. Mlango ule siku zote umefungwa, hata mtu anapopita. Kwa jiji la theluji, na kwa mlaji aliyekaa meza ya karibu na mlango, hiyo ilikuwa neema.

Lakini Novemba 28, 1942, moto ulizuka katika ukumbi wa Cocoanut Grove mjini Boston, uliokuwa umejaa watu waliokuja kula, kunywa na kucheza muziki. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka. Umati ukausukuma, ukakwama. Milango mingine ilikuwa imefungwa kwa kufuli au ilifungukia ndani, na watu 492 wakafa. Baada ya msiba ule kanuni za Marekani zikataka mlango wa kuzunguka uwe na milango ya kawaida kandoni mwake. Mlango wa Zanzibar nao hufungukia ndani, na anayeupenda asilifumbie macho hilo. Usalama wake katika mgahawa uko katika kukaa wazi: pande zote mbili zifungwe kwa kulabu ukutani tangu mteja wa kwanza hadi wa mwisho, na nyumba iwe na njia nyingine ya kutokea. Kinachoufanya upendeze ndicho kinachoufanya uwe salama.

Mafundi wa kuufanya wapo. Zanzibar na Lamu bado kuna karakana ambako vijana hujifunza kwa kukaa kando ya mkubwa wao, wakianza na mipaka ya shanga kabla ya kuruhusiwa kugusa ua, na wateja wao wakubwa leo ni pamoja na hoteli na migahawa ya pwani, ya bara na ya ng'ambo. Kazi ya bandia ipo pia: ubao mwembamba uliochorwa na mashine, ukagundishwa juu ya fremu ya kawaida, nakshi yake ikiwa na kina kimoja kila mahali. Unauona upesi kwa kivuli chake, ambacho hakina mahali kizito wala mahali chepesi. Ziko pia dhuluma zinazofanyiwa milango halisi. Ubao wa menyu hupigiliwa misumari juu ya mwimo, vanishi nzito hujaza mikato mpaka majani yanayeyuka, waya wa taa hupitishwa katikati ya ua, na kiyoyozi huleta mlango wa kioo unaosimamishwa mbele ya fremu na kuuziba uwazi wote. Menyu ina nafasi yake ukutani, juu ya baraza. Mbao inataka kufutwa vumbi kwa brashi na kupakwa mafuta kidogo, mara kwa mara.

Anayefungua mgahawa huwa na mambo mengi ya kulipia, na mlango huja mwishoni, wakati fedha zimekwisha. Waliojenga Mji Mkongwe walianza nao, na mimi naona walikuwa sahihi hata kwa biashara ya leo. Kabla ya kuta kufika kiunoni, amtafute fundi, wakubaliane upana wa kutosha watu wawili kupishana bila kugusana mabega, na sehemu kubwa ya fedha iende kwenye miimo na kizingiti cha juu, kwa kuwa hivyo ndivyo wateja watakavyoviona kila siku. Pande za kufungua zinaweza kuwa mbao nzuri zisizo na pambo. Kisha ampe fundi muda anaouomba, asimhimize amalize kabla ya sikukuu, kwa sababu hesabu ya kona haina njia ya mkato. Wapishi watahama na kuta zitapakwa rangi nyingine. Fremu iliyotengenezwa hivyo itakuwa bado inafanya kazi, kwa kuwa kazi yake haikutegemea mlango kufungwa.